Wagonjwa Hawahudhurii Mikutano

Clarisse, aliyekalia kiti changu sasa, amenipigia simu mara nne wiki hii. Mara ya kwanza alitafuta ufunguo wa kabati la rejista, mara ya pili ufunguo uleule, mara ya tatu alitaka kujua kwa nini mhuri wa parokia unatoa herufi ya mwisho nusu, na mara ya nne akaniambia: "Papa Ilunga, andika yote mu karatasi, nitasoma polepole." Anayesema atasoma polepole hatasoma kabisa, hilo nalijua. Lakini nimekaa nyumbani tangu mwezi wa saba, na mke wangu amechoka kuniona nikipanga upya vijiko vyake. Basi naandika. Naandika kwa Clarisse na kwa makarani wengine wa parokia hapa Lubumbashi wanaodhani kazi yetu ni kukaa kivulini na kungoja misa iishe.

Siku yangu ya kwanza hakuna aliyenikaribisha. Karani wa zamani, Papa Barthélemy, ambaye kabla ya kuingia kanisani alikuwa karani wa reli, alininyooshea kidole kuelekea kiti, akaweka mezani rejista ya ubatizo nzito kama tofali, akasema: "Nitafutie Ilunga Jean." Nilimpata baada ya dakika tano. Nikampata tena ukurasa uliofuata. Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa na akina Ilunga Jean wanane. "Njo nani mu hawa?" akaniuliza. Nikasema sijui. "Basi haujamupata," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Hivyo ndivyo alivyofundisha. Hakuwahi kunieleza jambo kabla sijalikosea. Siku ya pili nilijifunza kwamba jina peke yake si mtu: uliza jina la mama, uliza kambi ya wafanyakazi alimozaliwa, uliza nani alimsimamia kwenye ubatizo. Wiki ya pili nilijifunza kutoandika kwa kalamu ya bluu, kwa sababu alichana fomu yangu mbele ya bibi arusi. Mwezi wa pili nilijifunza kuuliza swali kisha kunyamaza. Mtu akiachwa anyamaze na karani aliyenyamaza, atasema ukweli mwenyewe ili aondoke.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache: mashine ya kuchapia ambayo herufi yake ya e ilikwama, katika parokia iliyojaa akina Pierre na Hélène, na ronéo, ile mashine ya kuzungusha kwa mkono iliyotoa nakala za matangazo kabla fotokopi hazijafika kwetu. Wino wake ulipenda mashati kuliko karatasi. Kila Jumamosi nilirudi nyumbani na mikono ya fundi wa magari, na Jumapili niliingia kanisani nimeificha mifukoni. Baadaye ilikuja kompyuta, na kila mtu akapiga makofi. Kompyuta ni chombo kizuri. Ubaya wake ni kwamba inakuwezesha kunakili orodha nzima bila kuisoma, jambo ambalo mashine ya zamani haikuruhusu, maana kila jina ulilisikia kwenye vidole.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi na sitazimaliza. Alikuja kijana mwenye ndevu kamili akitaka cheti kipya cha ubatizo kinachompunguzia miaka minne, ili aingie timu ya vijana. Nilipokataa alisema mimi ni adui wa michezo. Jumapili moja, matangazo ya ndoa yaliposomwa, mwanamke aliyeteremka kwenye lori la samaki kutoka Kasenga alisimama katikati ya kanisa na watoto watatu, akamuuliza bwana arusi kwa sauti kama amewasahau. Bwana arusi alisema hawajui. Mtoto wa mwisho akamkimbilia akiita papa. Nilifuta tangazo lile kwa rula, mstari mmoja mnyoofu, kama Papa Barthélemy alivyonifundisha: kilichofutwa lazima kiendelee kusomeka.

Sasa nifike kwenye Majilio, zile wiki nne za kungoja Noeli, maana ndipo presha yangu inapopanda.

Parokia yetu ina desturi. Kila Jumamosi ya Majilio, alasiri, waamini hukutana ukumbini kutafakari utume wetu wa pamoja. Jambo lenyewe ni zuri: tunamngoja Bwana, basi tujiulize tunafanya nini pamoja wakati tunamngoja. Nimehudhuria tafakari hizo miaka thelathini na kitu, na mimi ndiye niliyeandika ripoti zote. Naweza kuwahakikishia kwamba tunachofanya pamoja zaidi ya vyote ni mikutano. Tunagawanyika katika vikundi vya majadiliano, kila kikundi kinachagua msemaji, msemaji anaandika mapendekezo, mapendekezo yanasomwa, yanapigiwa makofi, naletewa mimi, nayachapa. Mwaka unaofuata nayachapa tena. Mwaka mmoja nilileta ripoti ya mwaka uliotangulia nikiwa nimebadilisha mada tu, na Papa Président akanipongeza kwa kazi safi.

Papa Président ndiye Papa Numbi, mwenyekiti wa baraza la parokia, mtu mwema anayependa kusimama. Akishika kipaza sauti humwondoi. Ulimi hauna mfupa, lakini wa Papa Numbi hauna hata usingizi.

Lazima niseme pia kosa langu, kwa sababu bila hilo mtadhani nawalaumu wenzangu bure. Parokia yetu imegawanyika katika vikundi vidogo vya sala na kusaidiana, kimoja kila mtaa, tunavyoviita kwa herufi zake za Kifaransa, CEVB. Mimi nitasema jumuiya. Zamani watu wengi walikuwa hawaonekani katika jumuiya zao mpaka wapate mtoto wa kubatizwa au maiti ya kuzika. Wakati huo wanafika ofisini kwangu mbio, wanataka kila kitu leo. Nilichoka. Majilio moja nikasimama ukumbini, mimi ambaye kazi yangu ni kusikiliza, nikapendekeza kila mwamini awe na kadi ya jumuiya, inayotolewa baada ya kuhudhuria mikutano mitatu mfululizo, na asiye na kadi asipate huduma: ubatizo, ndoa, komunyo ya wagonjwa, maziko. Nilitia na methali juu yake: asiyekuwepo na lake halipo. Walipiga makofi. Katika maisha yangu yote ni pendekezo hilo moja tu la Majilio lililotekelezwa kikamilifu.

Miaka ikapita. Upande wa Naviundu watu wakaongezeka, jumuiya ya pale ikawa kubwa mno, na katika tafakari ya Majilio ikaamuliwa igawanywe sehemu mbili ili utume uwe karibu na watu. Nitaziita jumuiya ya Juu na jumuiya ya Chini. Zina majina ya watakatifu, lakini sitaki kuwaingiza watakatifu katika habari hii. Niliambiwa nichape orodha mbili mpya. Nikaomba daftari la mahudhurio, cahier wanavyoliita wote, nikaweka kanuni iliyoonekana ya haki kabisa: aliyekosa mikutano mitatu mfululizo bila taarifa, jina lake halinakiliwi. Orodha zikatoka safi, fupi, zenye alfabeti iliyonyooka. Nilizibandika mlangoni nikarudi nyuma hatua mbili kuzitazama.

Baada ya Jumamosi ya kwanza ya Majilio yaliyofuata, Jumatatu asubuhi, aliingia ofisini mwanamke mwenye mtandio, miguu imejaa tope jekundu, ananuka samaki wa kukausha. Alijitaja: Mama Zaina, anauza samaki nyumba kwa nyumba, wazee wake ni watu wa Maniema. Nilidhani ameniletea samaki.

"Yambo, Papa Secrétaire. Niko jirani ya Mama Véro, ule mujane wa karibu na mto. Bwana yake alikuwa ku reli. Eko mugonjwa tangu Pasaka ya mwaka ulipita, miguu haimubebe tena. Kila asubuyi anauliza: banakuya leo na komunyo? Miye najibia nini?"

"Mama, eko mu CEVB gani?"

"Iyo ni nini?"

"Ni kikundi ya sala ya ku quartier yake."

"Papa, miye ni muislamu. Kikundi yenu nitaijua ginsi gani? Miye najua tu nyumba."

Nilimweleza kwamba mgonjwa lazima aombewe komunyo na kiongozi wa jumuiya yake, na kwamba viongozi ni wawili, wa Juu na wa Chini. Nikamwandikia majina yao kwenye kipande cha karatasi. Nilijiona mwenye adabu sana. Zamani komunyo ilikuwa inamfikia Mama Véro kwa mkono wa mama mmoja wa jumuiya ya kale, ambaye alikuwa amehamia Likasi na mume wake, na hakuna aliyejiuliza nani amechukua nafasi yake. Hayo niliyajua baadaye.

Jumatatu ya pili Mama Zaina alirudi. Kiongozi wa Juu alimwambia nyumba ile iko Chini. Kiongozi wa Chini alimwambia nyumba ile imekuwa Juu siku zote. Nikafungua orodha zangu mbili. Mama Véro hakuwa katika ya kwanza, hakuwa katika ya pili. Na mimi, badala ya kujiuliza mwanamke aliyesali hapa tangu ujana wake amepotelea wapi, nilimwambia Mama Zaina kwamba asiyefika mikutanoni haandikwi, na kwa parokia mtu huyo hayupo.

"Haiko?" alisema. "Njo nani basi ninamuosha kila siku?"

Nilimkasirikia. Naliandika hili kwa sababu ni kweli. Nilimkasirikia kwa kuwa alikuwa amesimama mbele ya meza yangu na haondoki, na nyuma yake kulikuwa na watu wa vyeti. Nikampa fomu ya mgonjwa, inayohitaji sahihi ya kiongozi na namba ya kadi. Aliigeuza huku na huku. "Hii karatasi, atakula?" akaniuliza. Kisha akaikunja, akaitia kwenye kikapu pamoja na samaki.

Jioni hiyo nilimweleza Padri Paroko. Alikuwa kijana, amefika kwetu hivi karibuni, anabeba parokia na vigango viwili, makanisa madogo ya mbali, kwa pikipiki moja. Kila aliyeingia kwake alimletea shida, na kila shida aliipa mlango wa kutokea. "Papa Ilunga, tia iyo mu divers," akasema. Divers ni mambo mengineyo, kipengele cha mwisho katika ajenda zetu zote. Mwenye akili hutia huko jambo asilotaka lizungumzwe. Mimi sikuwa na nia hiyo, lakini nilitia.

Jumamosi ya tatu ndiyo niliyokaribia kuacha kazi. Mada ilikuwa utume wetu kwa wanyonge. Tulianza na kitambaa cha parokia. Akina mama walitaka sare mpya ya Noeli, kundi moja la bluu, kundi moja la kijani, na mabishano yakachukua saa nzima na robo. Kisha wanakwaya wakauliza kwa nini viti vyao vimesogezwa nyuma. Kisha Papa Numbi akataka tuamue kama tuseme utume wa pamoja au utume wa wote, na walimu wawili wakasimama, mmoja kila upande. Mvua ikaanguka juu ya mabati, hakuna aliyemsikia mwenzake, na bado waliendelea kusema. Nilinyoosha mkono mara tatu kuhusu divers. "Wakati haituruhusu," alisema Papa Numbi, "tutaanza nayo wiki ijayo." Tukasali sala ya kufunga. Nilifika nyumbani nimeloa, nikamwambia mke wangu kwamba Bwana akija kweli mwaka huu, atatukuta tunachagua rangi.

Mama Zaina hakuja Jumatatu ya tatu. Nilifurahi.

Jumamosi ya nne ukumbi ulijaa, maana ni siku ya kusoma mapendekezo na baadaye kuna chai na mikate ya kukaanga. Papa Numbi alisimama na karatasi niliyomchapia. Alifika pendekezo la pili: kila mwanaparokia aone kuwa ni wajibu wake wa kwanza kuwaendea wagonjwa. Akalirudia neno "kwanza" mara mbili, kwa raha. Wakati huo mlango mkubwa ukafunguliwa, tukasikia magurudumu.

Ilikuwa pousse-pousse, ule mkokoteni wa kubebea magunia ya unga sokoni. Mwenye mkokoteni alisukuma nyuma, Mama Zaina akiongoza mbele. Juu yake, kwenye godoro jembamba, chini ya plastiki ya kuzuia mvua, alilala bibi mmoja wa umbo dogo sana. Alikuwa amefunga kitambaa cha parokia, kile cha zamani kabisa, ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau kwamba tuliwahi kukivaa. Walimleta hadi mbele. Hakuna aliyewasaidia, si kwa ubaya. Kila mmoja alidhani kuna wahusika.

Mama Zaina alimwinua mgongo, akamwegemeza kifuani pake.

"Njo nani Secrétaire?" aliuliza bibi. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka.

Nikasimama.

"Njo weye? Leta cahier."

"Mama Véro..."

"Leta cahier. Zaina aliniambia asiyekuya ku réunion, hamumuandike. Nilisema sawa, ni sheria, bantu balikaa bakaamua. Basi, nimekuya ku réunion. Niandike."

Nilichukua daftari la mahudhurio. Nikaandika: Ngoie Véronique, yupo. Alitaka aone. Nikamsogezea karibu na macho, akatazama muda mrefu, akaridhika.

"Na ni mara ngapi mpaka nipate carte?"

Nyuma kabisa kulikuwa na mtu ambaye sheria anaijua vizuri, wapo kila mahali. Akasema kwa sauti: "Mara tatu mfululizo, Mama."

Bibi akahesabu kwa vidole. "Basi, leo ni moja. Wiki ingine Zaina atanileta, na ingine tena. Yesu atangojea." Hakuwa anatukejeli. Laiti angetukejeli. Alikuwa amekubali kabisa, kama mtu anayepanga foleni aliyoizoea.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Sisi tulimuuliza kadi.

Padri Paroko alitoka kwenye kiti chake, akapita kwenye mvua hadi kanisani, bila mwavuli. Alirudi na stola, utepe wa kipadri, shingoni na komunyo mkononi, nywele zikidondosha maji. Alipiga magoti kando ya mkokoteni ili wawe sawa kwa kimo. Sala walisali wawili tu, maana sisi wengine tulikuwa tumesahau kwamba tunaruhusiwa kujibu. Mama Véro alipopokea alifumba macho, na Mama Zaina alimshikilia bila kusogea, uso ameugeuzia pembeni kwa heshima, kama mtu anayempisha mgeni apite.

Mngedhani tungevunja kikao hapo. Mimi pia nilidhani. Baada ya wimbo mmoja Papa Numbi alijikohoza akasema kwamba tumeguswa sana, na kwa hiyo anapendekeza iundwe tume ya kuchunguza suala la kadi kwa wagonjwa. Tume iliundwa. Nilichapa majina yao. Nilipostaafu, tume ile ilikuwa bado haijakutana, kwa sababu wawili kati ya wajumbe wake walikuwa wagonjwa.

Nilitoka kuwasindikiza hadi barabarani. Nilimwambia Mama Zaina asante, nikamwambia kwamba sasa yamekwisha, jina liko kwenye orodha, komunyo itakwenda kila Jumapili. Alinitazama kama anavyomtazama mteja anayetaka kupunguziwa bei mara ya tatu.

"Na bengine?" akasema.

"Bengine gani?"

"Papa, miye ninatembea na samaki kila nyumba. Beko bengine banalala tu ndani. Ulifikiria ni huyu mumoja?"

Usiku ule sikulala vizuri, na siku mbili kabla ya Noeli nilifunga ofisi saa tatu asubuhi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya hata malaria iliponikamata. Nilichukua daftari la jumuiya ya kale, la kabla ya mgawanyo, nikamkuta Mama Zaina kwenye daraja. Alikuwa na kikapu chake kichwani. Alisema hawezi kupoteza siku nzima kwa ajili ya Wakristo, kwa hiyo atauza tukitembea. Tukaenda nyumba kwa nyumba. Yeye alibisha hodi, akauliza kuhusu samaki, kisha akauliza nani amelala ndani. Mimi nilifuata nyuma na daftari, nikilinganisha.

Tulipata kumi na mmoja. Mwalimu wa zamani aliyepooza upande mmoja. Fundi wa cherehani aliyekuwa kipofu, ambaye alitambua sauti yangu na kuniuliza kama herufi ya e bado inakwama. Mama mmoja mwenye kisukari aliyekatwa mguu, aliyekuwa katibu wa jumuiya ileile iliyomfuta. Kila mmoja jina lake lilikuwepo katika daftari la zamani kwa miaka, alama baada ya alama, kisha nafasi tatu tupu, kisha hakuna kitu, kwa sababu hapo ndipo mimi niliponakili. Niliona haya. Nimetumia maisha yangu yote kuchukizwa na watu wanaosema badala ya kutenda, na kumbe katika parokia nzima mtu aliyetenda kwa bidii zaidi ni mimi, nikiwaondoa watu hawa mmojammoja kwa kidole kimoja.

Clarisse, kabla hujaniuliza kwa simu: ndiyo, kuna daftari jipya la wagonjwa, na utaratibu wake ni huu. Kila mwezi karani anatoka. Hatumi mtu, hapigi simu, hasubiri kiongozi amletee orodha. Anatoka na viatu vyake. Na anayekosa mikutano mitatu mfululizo, hafutwi, anatembelewa. Padri Paroko alikubali siku ileile, bila tume. Mama Véro aliishi mpaka baada ya Pasaka, na hakukosa Jumapili hata moja.

Lakini sijamaliza siku ile. Nyumba ya mwisho ilikuwa juu kidogo ya barabara, yenye uzio wa mabati. Nje, mama mmoja wa makamo alikuwa anakaanga mikate kwenye karai. Katika daftari nilikuwa na jina la baba mmoja wa nyumba hiyo, Kasongo, alama zake zikikoma kama za wengine. Mama Zaina alisalimia. Mimi nikasema ninatoka parokiani, tunawatafuta wagonjwa, na kama Papa Kasongo yuko ndani ningependa kumwona.

Aligeuza mikate miwili kwanza.

"Papa alikufa mwezi ya munane," alisema. "Tulikuya kwenu ku bureau, miye na kaka yangu. Njo weye ulikuwa pale. Uliomba carte. Tulitafuta mu nyumba muzima, carte haikuonekana. Tulimuzika na pasteur wa kanisa ingine ya jirani, alitusaidia kusali. Papa alikuwa anajua misa yote ya kilatini. Pasteur hakuijua, basi tulimuzika tu hivyo."

Nilimtazama usoni, nikatafuta katika kichwa changu. Nilitafuta mwezi wa nane, nilitafuta kaka yake, nilitafuta kilio. Sikumkumbuka. Alikuwa amesimama mbele ya meza yangu na baba yake akiwa maiti, na mimi sikuwa nimebakiwa na kitu chochote, hata sura. Nikafanya kitu pekee ninachojua kufanya. Nilifungua daftari ukurasa mpya, nikatoa kalamu, nikamwomba anitajie majina kamili ya marehemu.

"Sasa unamuandika ya nini?" akaniuliza.

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua, na akangoja. Nilisimama pale na kalamu mkononi mpaka mikate yake ikaiva, na Mama Zaina ndiye aliyemwambia pole kwa niaba ya parokia yetu.